Motokari ya Célestin na Chauffage ya Mwezi wa Saba

Ninyi mnaojifunza kazi ya injini siku hizi, ninawaonea wivu, sifichi. Motokari ikiumwa mnachomeka waya, kompyuta inasema pale panapouma, mnaenda kunywa kahawa. Sawa, mmebarikiwa. Lakini iko siku mtu atawaletea gari la zamani lisilo na tundu hata moja la kuchomekea kitu, linatoa mvuke, na mwenyewe amesimama pembeni amekunja mikono anawatazama. Siku hiyo ndiyo ninayoiandikia maneno haya.

Mimi ni Papa Gaston. Nilianza kazi Lubumbashi, katika commune ya Katuba, nikaimalizia hapa Bruxelles, kwenye garaji moja ya Anderlecht kando ya mfereji. Sasa nimestaafu. Mikono iliyofungua vichwa vya injini leo inachambua majani ya sombe na kutafuta rimoti ya televisheni chini ya mito. Asubuhi nyingine naamka, nanusa vidole, natafuta harufu ya grisi, siipati, na roho inaniuma kama mtu aliyefiwa. Msinicheke. Zamu yenu inakuja.

Aliyenifundisha aliitwa Papa Banza. Mfupi, mkali, mdomo mchafu, fundi hasa. Garaji yake ilikuwa uwanja wa udongo mwekundu wenye ukuta upande mmoja tu. Alikuwa na desturi iliyotuchosha sote: mteja akifika, hakuna kugusa kapo. Kifuniko cha injini kibaki kimefungwa. Mteja anaketishwa juu ya tairi kuukuu, anaulizwa maswali kama mtu aliyekwenda kuungama. Ilichemka wapi? Ulikuwa unapanda au umesimama? Nani alikuwa ndani? Kabla ya hapo nani aliigusa? Sisi tumeshika spana, jua linatupiga, tunanung'unika. Naye anasema bila kugeuka:

— Motokari haina kinywa. Mwenye motokari eko nacho, lakini anasemaka uongo. Muulize tena na tena, uongo itachoka, kweli itatoka.

Halafu alikuwa na kanuni yake, ambayo alitukaririsha mpaka tukaiota:

— Ile yenye kuchemka ikisimama, inakosa upepo. Ile yenye kuchemka ikikimbia, inakosa maji. Ile yenye kuchemka kila saa, enda ule kwanza, siku itakuwa murefu.

Na mbele ya yote: kifuniko cha radieta hakifunguliwi injini ikiwa moto. Hata kama patron anapiga kelele, hata kama bibi harusi analia. Maji yale yamefungiwa kwa nguvu, ukiyapa njia yanakuja usoni. Papa Banza mwenyewe shingo yake ilikuwa na alama kama ramani. Wageni wakimuuliza, anasema aliungua akiokoa watoto kwenye nyumba inayowaka. Sisi tulijua ni kifuniko cha lori la mahindi.

Bon. Sasa niwaambie habari ya motokari ya Célestin.

Célestin alikuwa rafiki yangu. Tulikulia mji mmoja, Lubumbashi, lakini tulijuana hapa, watu wazima tayari, kwenye matanga ya mtu ambaye hata mmoja wetu hakumfahamu vizuri. Alikuwa akisukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali kubwa ya Jette. Alipokuwa mtoto aliona gari la Kimarekani likipita mbele ya shule yao: milango miwili, pua ndefu, injini ya silinda nane inayonguruma kwa chini kama mtu mnene anayecheka peke yake. Akajiapiza kwamba siku moja atakuwa nalo. Akalipata akiwa na mvi, hapa hapa Ubelgiji, rangi ya kijani cha chupa, kutu kwenye milango, na tangu siku ile hakuna aliyeweza kusema naye habari nyingine.

Jumapili baada ya misa alipakia mke wake Maman Régine na binti zao wawili, wakatoka nje ya mji kupunga upepo. Mimi nikiomba nione injini, anafunga kapo kwa kiwiko.

— Gaston, mikono yako ibakie mu mfuko. Hii ni bibi yangu ya pili, na bibi hatuazimane.

Ninyi mnajua watu wa Katanga, mkoa wetu. Kila mwanamume aliyewahi kupita karibu na reli au kiwanda anajiona fundi, na kumpelekea fundi mwingine gari lake ni sawa na kukiri kwamba ameshindwa kulisha nyumba. Célestin alikuwa hivyo mara mbili.

Kisha akafa. Moyo. Kifua kilikuwa kinamuuma siku nyingi na hakusema kwa mtu. Sisi tulimzika, motokari ikabaki ndani ya box yake, kibanda cha kufungia gari, huko Jette, imefunikwa shuka.

Mwaka uliofuata binti yake mkubwa akaolewa. Mnajua harusi zetu. Kutoka kanisani hatwendi moja kwa moja kwenye salle, ukumbi wa sherehe. Lazima msafara upite Matonge, mtaa wetu Waafrika, katika barabara ya Chaussée de Wavre, polepole kuliko mtu anayetembea, honi zote zinalia, mpaka watu watoke kwenye maduka ya vitenge na kushangilia. Harusi isiyopita pale, watu wanauliza kama kweli ilifungwa. Basi motokari ya marehemu ikambeba bibi harusi, na katikati ya Chaussée de Wavre ikachemka. Mvuke ukapanda, maji ya kijani yakamwagika barabarani, honi zikanyamaza moja moja. Msichana akashuka na viatu vyake vyeupe mbele ya umati wote ule, akaingizwa kwenye gari la mjomba. Mimi nilikuwa Lubumbashi kwenye matanga ya dada yangu, nikasimuliwa tu. Na wanawake wa familia walikuwa wameshaanza: baba amekataa. Marehemu hakutoa baraka yake. Ndoa ile haikudumu, na ilipovunjika maneno hayo yakaota miguu.

Walijaribu kulitengeneza. Garaji moja ikaweka radieta mpya, nyingine ikaweka pampu ya maji mpya. Barabara kuu gari linakwenda vizuri kabisa. Likiingia mjini, linachemka. Mwishowe Maman Régine akafunga box na kuficha ufunguo.

Ndipo akaja kwangu Nadège, yule binti wa pili. Alikuja Anderlecht siku ya Jumapili na mfuko wa mikate ya mafuta, bado ya moto. Nikajua ana shida, kwa sababu mtoto wa mjini hatembei na mikate ya mafuta bure.

— Tonton Gaston, minaolewa mwezi wa saba. Minataka motokari ya papa njo inibebe. Maman anakatala. Anasema ataiuzisha mbele harusi ifike.

— Juu ya nini?

— Anasema hataweka mutoto wa pili mu motokari yenye baba alimukatalia wa kwanza. — Akaangalia mikono yake. — Tonton, na weye unaamini papa alitukatala?

Aah, wapi! Ningeweza kumwambia hapana pale pale na kula mikate yangu. Lakini mtoto aliyebeba swali hilo miaka yote hiyo hashibi kwa "hapana" ya mzee. Nikamwambia mimi si padri. Ninajua injini. Kama ni injini, nitaiona, na nikiiona nitamwonyesha mama yake. Ufunguo akaupata namna gani, sikuuliza.

Tulipofungua ile box ya Jette na kuvuta shuka, nilisimama tu. Miaka mingi nilikuwa nimelala na hamu ya kuiona injini ile, na sasa hakukuwa na mtu wa kufunga kapo kwa kiwiko. Ningelipa lolote anifungie. Nilimkumbuka mpaka machozi yakanitoka mbele ya mtoto, nikasema ni vumbi.

Halafu nikafanya kama nilivyofundishwa. Kapo kikabaki kimefungwa. Nikamketisha Nadège juu ya tairi.

— Papa alipokuwa muzima, motokari ilichemkaka?

— Hapana. Hata siku moko.

— Mulipitaka mu mji?

— Ee, jioni tukirudia. Embouteillage mpaka unalala.

— Na haikuchemka?

— Hapana, tonton, nimekuambia.

Hapo nikashangaa. Radieta ya zamani, pampu ya zamani, msongamano wa Jumapili jioni, na haichemki. Vitu vyote vipya, na inachemka. Nikauliza tena, safari hii sikuuliza habari ya motokari, nikauliza habari ya mtu.

— Mu embouteillage, papa alifanyaka nini?

Nadège akaanza kucheka, mara ya kwanza tangu afike.

— Ah, papa! Alikuwaka anawasha chauffage. Mwezi wa saba, tonton! Madirisha wazi, chauffage mpaka mwisho. Siye nyuma tunatoka jasho, maman anapiga makelele, yeye anasema: "Sikieni, batoto yangu. Njo joto ya kwetu." Njo anaanza kutuambia habari ya Lubumbashi. Namna udongo inanukaka mvua ya kwanza. Namna balilalaka inje juu ya joto, na nkambo, babu yake, anakoroma mpaka mbwa wanakimbia. Ile habari yote ya kwetu yenye minajua, nilisikiaka mu ile joto.

— Na wakati wa baridi?

— Ile njo ya kuchekesha zaidi. Hiver, chauffage haikupataka moto. Tunakaa na blanketi mu magoti.

Mimi nikaweka spana chini. Nilikuwa nimeshamaliza kazi, na kapo bado hakijafunguliwa.

Sikilizeni vizuri hapa. Chauffage ya motokari ni radieta ndogo. Maji ya moto ya injini yanapita ndani yake, feni ndogo inapuliza, joto linaingia mlipoketi. Ukiifungua mpaka mwisho wakati injini inataka kuchemka, unaiibia injini joto na kuwapa abiria. Ni hila ya zamani, Papa Banza aliitumia kwenye malori. Inakutoa jasho, lakini inakufikisha nyumbani. Donc, basi, Célestin alijua. Alijua tangu mwanzo kwamba motokari yake ikisimama inachemka, na badala ya kuniletea, akawachemsha watoto.

Na ile habari ya blanketi? Hiyo ni kalorstat. Kalorstat ni kitu kidogo, kinaenea kiganjani, kinakaa kwenye njia ya maji: injini ikiwa baridi kinafunga, ikipata moto kinafungua. Kwetu tulikuwa tunakitupa. Gari likifika garaji kwa ugonjwa wowote, hata taa imekufa, fundi anatoa kalorstat kwanza, maana tulisema hicho kitu ni cha wazungu na theluji yao. Sisi wote tuliofika hapa kutoka Katanga tumetupa kalorstat angalau moja ya Ubelgiji, na anayekataa anadanganya. Patron wangu wa Anderlecht, Mflamandi mpole ambaye hakuwahi kuinua sauti, alikuwa akiajiri mtu wa kwetu anamwonyesha choo, kabati la nguo, halafu anamwonyesha kalorstat mkononi na kusema: "Hii inabaki." Bila kalorstat, barabarani maji hayapati moto wa kutosha, na majira ya baridi chauffage inapuliza hewa ya kaburi. Célestin alikuwa ametupa ya kwake. Ningeapa hivyo kabla ya kuangalia.

Lakini fundi haapi, fundi anaangalia. Injini ikiwa baridi nilifungua kifuniko cha radieta, nikawasha, nikatazama maji. Hayakutoa mapovu. Nikashukuru, maana mapovu yangekuwa gasketi ya kichwa cha injini imeungua, na hapo harusi ingefungwa kwa baiskeli. Ilipopata moto nikapitisha kiganja mbele ya radieta kutoka juu kwenda chini. Joto sawa kote, hakuna sehemu baridi iliyoziba. Nikabinya mpira wa chini wa maji, mgumu, haunywei. Basi si maji. Ikisimama inakosa upepo.

Nikamwomba Nadège kipande cha kitenge. Alikuwa na kitambaa kichwani, akakifungua akanipa bila kuuliza. Injini inazunguka, nikakiachia mbele ya radieta, upande wa nje. Jaribuni hili, halihitaji kompyuta: feni iliyo nzima inakivuta kitambaa na kukibandika pale kama stempu. Kitenge cha Nadège kilishuka taratibu, kikalala juu ya kiatu changu.

Nikazima, nikazungusha feni kwa kidole. Ikazunguka kama gurudumu la baiskeli. Feni za magari yale zimeshikwa na kiungo chenye mafuta mazito ndani. Kikipata moto kinapaswa kukaza. Hiki mafuta yake yalikuwa yamevuja zamani. Na lile duara la bati linalozunguka feni, lile linalofanya upepo wote upite kwenye radieta badala ya kupotea pembeni, halikuwepo. Nililikuta ukutani nyuma ya ngazi, limetundikwa kwenye msumari, na boliti zake ndani ya kopo la maziwa. Nikamwona Célestin kabisa: mikono yake minene haikupita kufikia mkanda, akalitoa, akasema atalirudisha Jumamosi. Kwetu boliti zikibaki baada ya kazi tunasema injini imepungua uzito.

Barabarani, upepo wa mwendo ulifanya kazi ya feni. Mjini hakukuwa na upepo, kulikuwa na chauffage. Na siku ya harusi ya kwanza, dereva alikuwa mjomba mwingine, aliyekodi suti ya sufi, nani angewasha chauffage?

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Kiungo kipya cha feni, duara la bati mahali pake, kalorstat mpya. Nilifanya taratibu kuliko ilivyohitajika. Jioni nilikuwa nikiwasha injini bila sababu na kusimama tu kuisikiliza. Inanguruma, mkono wangu uko juu ya bati, na mimi siko Jette tena, niko Katuba, udongo mwekundu kwenye viatu, Papa Banza anatukana mtu. Wake kwa waume wa mtaa wanapita na mifuko ya manunuzi, wananiona mzee mweusi amefumba macho mbele ya gari. Waache wapite.

Nilipomweleza Nadège, nilifikiri atafurahi. Nilimwonyesha feni, bati, hila ya chauffage, kila kitu, nikiwa na fahari yangu ya fundi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa sauti ndogo:

— Donc haikuwa juu ya kwetu? Ilikuwa juu ya motokari?

Loo! Ningeumeza ulimi wangu. Mtoto huyu hajawahi kukanyaga Lubumbashi. Baba yake alimpa mji mzima ndani ya joto lile, na mimi na spana yangu nimekuja kumwambia ilikuwa ni feni mbovu.

— Ilikuwa juu ya motokari — nikasema, maana sikuweza kudanganya. — Lakini sikia. Angeweza kusema kitu chochote. Angesema anasikia baridi, angesema bouton ya chauffage imekwama. Yeye alisema nini?

Alichukua kitambaa chake, akakifunga kichwani, akaenda kupanda tramu. Siku kadhaa sikusikia neno lake, nikala vibaya.

Alibaki Maman Régine. Nilimwendea Jumamosi moja ya jua kali, nikamwambia nataka tu azunguke nami ndani ya motokari. Alikataa, akakataa tena, halafu akatoka na bidoni ya maji. Akaketi kiti cha nyuma, bidoni juu ya magoti, kama mtu anayekwenda kuzima moto.

Tukaingia Chaussée de Wavre saa ambayo mtu mwenye akili haingii. Magari yamebanana, gari la kupakua makopo limeziba njia, mbele ya ofisi ya kutuma pesa watu wamejaa mpaka barabarani. Tukasimama. Tukasimama sana. Maman Régine alikuwa ameinama kati ya viti, macho kwenye mshale wa joto, jicho halipepesi. Mshale ukapanda kidogo, akashika bidoni. Kiungo cha feni kikakaza, mshale ukarudi katikati, ukakaa hapo hapo. Pale pale ambapo maji yalimwagika siku ile, mwanamke mmoja mlangoni pa duka la vitenge akapiga vigelegele kwa ajili ya motokari tu.

Ndipo nikamwambia yote, nikiwa nimempa mgongo, maana mambo mengine ni rahisi kusema ukiwa unatazama barabara.

— Donc alijua — akasema.

— Alijua, maman.

— Na hakuniambia.

— Aliogopa utasema iuzishwe.

— Ningesema! — Akapiga bidoni kwa kiganja. Kisha sauti ikabadilika. — Hata ugonjwa yake alifanyaka vile vile, Gaston. Minamuuliza, kifua inauma? Anacheka. Ananiambia habari ya Lubumbashi.

Wazee wetu walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Nilikuwa nayo mdomoni methali hiyo, nikaimeza. Alilia, na mimi nililia mbele kwenye usukani, na magari ya nyuma yakatupigia honi, maana njia ilikuwa imefunguka na sisi hatukuona.

Alipofuta macho aliuliza jambo moja tu.

— Basi batoto hakubakatala?

— Hakubakatala, maman. Alikatala fundi.

Akacheka kwa pua. Tulipofika kona akanipa ile bidoni, akasema ninywe, natoka jasho kama mwizi.

Harusi ilikuwa mwezi wa saba, kama alivyosema Nadège, na jua lilikuwa la kuchoma lami. Mimi ndiye niliyeshika usukani, suti nyeusi, tai imenikaba. Maman Régine alikaa kando yangu na kofia kubwa. Nyuma, Nadège na bwana harusi, Olivier, kijana wa Bukavu, mji wa baridi na ziwa, mpole, mwenye jasho tayari kabla hatujaondoka kanisani. Tangu siku ile aliyofunga kitambaa chake akaondoka, Nadège alikuwa ananisalimu kwa heshima tu. Nilijua nimemkosesha kitu, na sikujua namna ya kukirudisha.

Tukaingia Chaussée de Wavre. Honi zikaanza. Watu wakatoka madukani, simu juu, vigelegele, mtoto mmoja anakimbia kando akipigapiga mlango. Tulikwenda polepole kuliko watembea kwa miguu. Feni inavuma, mshale katikati. Maman Régine aliutazama mara moja, akaacha.

Nikahisi mkono begani. Ilikuwa glovu nyeupe ya Nadège.

— Tonton. Washa chauffage.

— Yesu! — akasema Maman Régine. — Na maquillage ya uso yenye tumelipa?

— Maman, acha. Tonton, mpaka mwisho.

Nikaiwasha mpaka mwisho. Kwa kalorstat ile mpya ilitoka hewa ya moto kuliko hata ile aliyowahi kuwapa Célestin, ikijaa harufu ya vumbi la zamani na ngozi ya viti. Jasho likaanza kututiririka sote. Wanja ukaanza kushuka mashavuni mwa bibi harusi. Maman Régine alivua kofia, akaanza kujipepea nayo, akacheka, na machozi yakachanganyika na poda mpaka hakuna aliyeweza kutofautisha. Watu wa barabarani walitutazama wakafikiri tumerukwa na akili.

Olivier maskini akalegeza tai, akainama mbele kutazama mshale.

— Chérie, motokari inachemka?

— Hapana — akasema Nadège. — Sikia. Njo joto ya kwetu.

Halafu akaanza kumwambia habari ya Lubumbashi, namna udongo unavyonuka mvua ya kwanza, na yule nkambo anayekoroma mpaka mbwa wanakimbia. Alisimulia kwa maneno yale yale ya baba yake, hata kikohozi alichozoea Célestin katikati ya hadithi hakukiacha. Mimi nilishika usukani na kutazama mbele, jasho likiingia machoni. Chauffage sikuizima mpaka tulipofika salle.